Mashine Ilisema Tusekile Ameshindwa

Tunduma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi mguu? Na kifua cha mjomba, kimetulia? Mimi hapa nimekaa kitandani blanketi mabegani, maana baridi ya huku huizoei hata ukae vipi.

Nianze na lililo baya, nisikuzungushe: sitakuja wakati wa kuokota korosho. Najua nilikuahidi. Sababu yake ni ndefu, na tukipigiana simu tunaishia kuulizana kwa kelele "unanisikia?" mpaka salio linakwisha. Ndiyo nikaona bora niandike, usome taratibu.

Afya ninayo. Uchovu ndio umenizidi. Bado nakaa palepale jirani na barabara kuu, malori ya Zambia na Kongo yakijipanga foleni na kunguruma hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Mama mwenye nyumba ananisalimu "Mulishani," kama wanavyosalimiana ng'ambo ya mpaka, mimi namjibu kwa Kimakonde, tunacheka, kila mtu anashika njia yake. Siku nyingine hicho ndicho kicheko changu pekee.

Unasema watu wakikuuliza kazi yangu unawajibu "Zuhura yuko kwenye kompyuta" basi. Ngoja nijaribu kukueleza. Mradi wetu unafundisha kompyuta kupima hoja. Tunakwenda kwenye kamati za usuluhishi za vijijini, wenye shauri wakikubali tunarekodi maneno yao, kisha mimi nakaa na hedifoni masikioni natia alama: hii ni hoja, hii ni sababu yake, hii inaipinga ile. Chukulia wewe unasema leo tusianike mihogo kwa kuwa mawingu ni meusi. Mjomba anasema mawingu hayo upepo unayapeleka Msumbiji. Hapo hoja yako imeanguka. Ukimwonyesha kwamba upepo umegeuka, ya kwake ndiyo inaanguka, na ya kwako inasimama tena. Kompyuta inachora kila hoja kama duara, inaunganisha kwa mishale, halafu inatafuta zipi zimebaki zimesimama. Kanuni yake ni kwamba hoja iliyopingwa, na mwenyewe asijibu, imeanguka.

Niliipenda kanuni hiyo, Mama. Haijui nani mkubwa nani mdogo, nani ana sauti nene. Nilidhani hapo ndipo haki ilipo.

Sasa kuna shauri tulilorekodi kijiji kimoja cha Mbozi, upande wa Nanyala. Mwanamke anaitwa Tusekile, umri wangu hivi, mume wake alifariki kwa maradhi. Ana mabinti wawili wadogo. Alitaka kurudi kwao Mlowo na wanawe, ambako dada yake ana cherehani na kibanda cha kushonea. Baba mkwe wake, Mzee Mwashiuya, akasema aende akitaka, ila watoto wabaki kwenye shamba la kahawa la baba yao, bibi yao atawalea.

Mzee anajua kusema. Hakufoka hata mara moja. Alisema watoto wameshafiwa na baba, wasipoteze na nyumba pia. Shule wanayosoma iko hapahapa. Mama yao bado kijana, ataolewa, na mume mpya hatawapenda kama babu na bibi yao. Bibi yao yupo siku zote nyumbani. Kila hoja na sababu yake, mimi moyoni natia alama tu.

Mwenyekiti akamgeukia Tusekile. "Mama, umesikia. Unasemaje?"

"Watoto ni wangu. Nimewazaa mimi."

"Hilo hakuna anayelikataa. Mzee amesema bibi atawalea vizuri. Unajibu nini?"

Tusekile akainamisha kichwa. Mwenyekiti akarudia. Kimya. Kwenye rekodi unasikia kuku na mtu anakohoa, basi. Wakaahirisha.

Nikatia alama kama nilivyofundishwa. Kompyuta ikatoa jibu: hoja za Mzee zote zimesimama, ya Tusekile imeanguka.

Lingeishia hapo, kwa sababu tuliwaahidi watu kwamba mashine inajifunza tu, haiamui. Lakini mwenyekiti alisikia habari zake, akamwomba mkuu wetu wa mradi, Dokta Simbeye, alete ile picha kikao kinachofuata iwasaidie. Dokta akakubali kwa furaha. Nikamfuata ofisini Vwawa.

"Dokta, tuliwaambia haitaamua."

"Haiamui. Inaonyesha. Kwani ulikosea alama?"

"Sikukosea."

"Mashine imevunja kanuni?"

"Haijavunja."

"Basi tatizo liko wapi, Zuhura?"

"Yule mwanamke hakujibu. Hatujui kama hana jibu."

Akavua miwani akaifuta. Si mtu mbaya, Mama, usimfikirie vibaya. "Asichokisema mtu mimi nitakiingizaje?" akasema. "Tukianza kukisia yaliyo moyoni mwa watu, hiyo si mantiki tena. Ni upigaji ramli."

Na ni kweli. Isitoshe nilijishuku mwenyewe. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na nimekulia hivyo. Huenda namtetea kwa sababu tu naisikia sauti yako na ya mjomba. Huku ukoo ni wa baba na wao hawaoni ajabu yoyote. Nikarudi Tunduma kichwa kikiniuma, nikalala bila kula.

Kesho yake nilimwomba Dokta ruhusa ya kumtembelea Tusekile, kumwambia tu kwamba picha italetwa kikaoni, kwa kuwa sauti ni yake. Hilo alinikubalia.

Nilimkuta anachambua kahawa iliyoanikwa, wanawe wamekwenda shule. Nikamweleza. Akaendelea kuchambua.

"Kwa hiyo imesema nimeshindwa."

"Imesema hukujibu."

"Nimjibu baba mkwe mbele ya watu? Halafu kesho nampaje maji ya kunawa?" Akatazama nyumba kubwa ng'ambo ya uwanja, akashusha sauti. "Dada, bibi haoni. Wanajua macho yamepungua kidogo tu. Mimi najua hayaoni. Msimu uliopita mdogo alitumbukia kwenye shimo la maji ya kuoshea kahawa, bibi amekaa pale pembeni anaimba. Nilimtoa mimi. Anapita humu ndani kwa kuhesabu kuta na mkono. Anaficha, anaogopa kuonekana mzigo."

"Mbona hukusema?"

"Nimwanike? Nilipojifungua yeye ndiye alinikanda. Mume wangu alipougua tulipokezana kumgeuza. Nisimame niseme mama yenu kipofu?" Akanitazama. "Na wewe usiliandike."

Nikamwahidi. Mama, niliondoka na ahadi hiyo. Jibu lilikuwepo, na lilikuwa zito kuliko hoja zote za Mzee, ila lisingeweza kuwa duara kwenye picha ya mtu yeyote.

Siku ya kikao Dokta aliweka projekta, picha ikaonekana ukutani, ofisi ya kijiji imejaa. Maduara ya Mzee ya kijani, la Tusekile jekundu peke yake. Watu wakaguna. Mzee Mwashiuya mwenyewe sikumwona akifurahi. Mwenyekiti akasema, "Dada aliyetia alama atufafanulie."

Nikasimama. Nikasema, "Alama ni zangu na zimefuata kanuni. Lakini mashine hii ikiona mtu amenyamaza inaandika ameshindwa. Haijui kama amenyamaza kwa kukosa neno, au kwa heshima, au kwa kumsitiri mtu. Mimi pia siwezi kuwaambia. Ninachoomba ni kwamba shauri hili lisikatwe kwa picha hii."

Dokta akaangalia chini. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Basi mmetuletea ya nini?" Watu wakacheka. Nami nilitamani niwe kwetu, nimejificha jikoni kwako.

Ndipo mtu akasema Kinyiha kutoka kwenye benchi la nyuma. Alikuwa bibi, mke wa Mzee Mwashiuya. Mwenyekiti akawa anatufasiria sisi wageni.

"Mnasema bibi atalea, bibi atalea. Nani ameniuliza mimi?"

Mzee akageuka. "Mama, kaa."

"Nimekaa muda mrefu. Huyu binti anayesema kuna mtu anasitiriwa, anayesitiriwa ni mimi. Sioni. Hiyo picha mnayoiangalia mimi nasikia tu mashine inavuma. Mtoto alitumbukia mimi nipo, nikajua niliposikia mama yake anapiga kelele. Mkiniachia watoto, mtakuja kuniuliza wako wapi, nami sitajua."

Mama, pakawa kimya ambacho sijawahi kukirekodi popote. Tusekile alikuwa analia kwa hasira, si kwa furaha. Aliniangalia mimi, akidhani nimeitoa siri aliyoniambia. Na kwa kweli sijui. Sikutaja jina, lakini neno "kumsitiri" nilitamka mimi, na bibi akalidaka. Nimeliwaza sana.

Mzee hakubishana. Alitoka nje, akakaa huko hadi kamati ilipomaliza. Wakakubaliana watoto waende Mlowo na mama yao, likizo warudi kwa babu, na mtu mzima awepo nyumbani wakati huo. Mtoto mdogo alimng'ang'ania bibi yake, ikabidi bibi mwenyewe amfungue vidole. Babu hakuwaaga.

Juzi nilipita Mlowo nikamtafuta Tusekile kibandani kwa dada yake. Alikuwa anatia vifungo kwenye sare za shule. Alinipa stuli, akaendelea kushona. Mwisho akasema, "Bibi ametuma salamu, na zako zimo. Anasema huna kosa." Nikamwuliza, "Na wewe unasemaje?" Akakata uzi kwa meno. "Mimi bado." Nikashukuru kwa hilo, maana angeweza kusema uongo kwa adabu.

Na Dokta? Nilidhani ananifukuza. Aliniita akasema, "Umenishinda kwa hoja, na hoja yako siwezi kuiangusha." Ameongeza alama mpya. Zamani hoja ilikuwa imesimama au imeanguka. Sasa ipo ya tatu, haijulikani, ya yule aliyenyamaza. Mashine ikikutana nayo inakataa kutoa hukumu. Ni jambo jema, nalikubali. Ila maana yake ni kwamba rekodi zote, za tangu nilipofika huku, zisikilizwe upya mwanzo hadi mwisho, kila kimya kitiwe alama upya. Na anayeweza kuifanya kazi hiyo ni mimi. Ndiyo sababu korosho mtaokota bila mimi.

Nashinda nasikiliza watu wakinyamaza. Inachosha kuliko kuwasikiliza wakigombana. Jioni nikivua hedifoni masikio yanawaka, na chakula hakina utamu.

Nisalimie mjomba, mwambie nimemtaja kwenye mfano wa mihogo, asikasirike. Wasalimie dada na mumewe, na mtoto wao asiyeniacha nilale nikija. Shangazi anayeuza vitumbua mwambie huku vipo lakini havifikii vyake. Na mwalimu wangu wa madrasa, kama bado anaulizia habari zangu.

Jambo moja la mwisho. Ukishasoma haya utataka kwenda kwa mjomba, mkae, mniamulie nirudi. Usiende, Mama. Nimechoka, sikufichi, lakini bado nataka kuimaliza. Siku nikitaka kurudi nitasema kwa mdomo wangu.

Mwanao anayekupenda,

Zuhura