Mikono Baridi ya Muyinga

Jumatano, Gitega. Jua lipo lakini halina kazi. Upepo baridi wa kiangazi unapita hapa mtaani Nyamugari na mimi naandika nimevaa sweta mbili. Moyo ni mchafu, nauandika hivyohivyo.

Nina wivu na Spesioza.

Tulikaa dawati moja katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Mimi nilisoma kila karatasi iliyofungiwa sukari. Yeye aliniomba majibu. Leo ni mwalimu wa sayansi Muyinga, na akina mama wa ushirika wa juisi ya ndizi wanamsikiliza kuliko padri. Mimi nimepigana kwenye blogu hii miaka na miaka, na sikumbuki mtu niliyemfanya abadilishe hata saa ya kula.

Yeye anataka kubadilisha saa ya kazi. Akina mama hao huanza alfajiri, wakifinya ndizi mbivu zilizochanganywa na majani ya kukamulia, kwa mikono mitupu, na wanalalamika kwamba baridi inawamaliza vidole. Spesioza amepata kifaa cha kubana kinachoonyesha nguvu za kiganja. Anawapima mikono ikitoka kwenye maji baridi, kisha ikiwa imeota moto. Ijumaa atapeleka majibu kwa viongozi wa ushirika. Wakikubali, kazi itaanza jua likishapanda.

Jana nilikwenda kuona. Niseme ukweli: nilikwenda kutafuta kosa.

Nikalipata. Wa kwanza kubana alikuwa Mama Leokadia, mkubwa wao, mama mkwe wa wawili pale. Mikono yake ilikuwa imetoka majini, mshale wa kifaa ukasogea kidogo tu. Waliomfuata wote wakaishia chini yake, hata mabinti wanaopasua kuni kila siku.

Nikamnong'oneza mmoja, mbona hakazi mkono.

"Mi nimupite mama mukwe mbele ya watu? We dada, unataka nifukuzwe?"

Zamu ya mikono yenye joto ilipofika, Mama Leokadia alikuwa ameenda kuhamisha mbuzi wake. Wakabana kwa nguvu zote, wakicheka. Spesioza akaandika kwamba ni joto.

Sikumwambia kitu. Nikanywa juisi yake, nikapanda gari kurudi na furaha ninayoona haya kuieleza.

Leo asubuhi makala ya kufichua kosa hilo ilikuwa tayari, kali kama ninavyozijua zangu. Nikataka kuongeza mstari mmoja kuhusu yule binti niliyemnong'oneza, nikakumbuka vidole vyake: vimepasuka kwenye viungo, kucha mbili nyeusi. Nikichapisha, viongozi watacheka, Ijumaa itapita, naye ataendelea kukamua alfajiri.

Nikampigia Spesioza, nikamweleza nilichoona.

"Ulikunywa juisi yangu na kosa langu ukiwa nalo mdomoni?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Kisha akasema: "Basi kesho uje. Nitawapima upya, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Wewe utakaa nje na Mama Leokadia, umpigishe soga. Kubishana unaweza, dada, na yeye anapenda."

Nimeifuta makala. Kesho naenda.

Najua lakini nitakavyokaa pale: mdomo kwa bibi, sikio mlangoni. Akina mama wanahitaji mshale upande mikono ikiwa na joto. Usipopanda, Spesioza ataaibika, na kazi itabaki alfajiri.

Ninaomba mshale upande? Nimejiuliza tangu mchana, na bado sijathubutu kujijibu.