Alama za Chaki Kwenye Mguu wa Meza

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI, GHOROFA YA PILI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI, JUMANNE TAREHE 14 MEI

Mahali: Chumba cha kukatia, kuizunguka meza ya mkataji.

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mzee Mkasi (mkataji), Mpiga Pasi (alichelewa dakika ishirini, kama desturi yake), Mshona Mapazia, na Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi.

Mwalikwa: Dada mkubwa wa Mshona Mapazia.

Asiyehudhuria: Mtunza Stoo. Alileta udhuru wa jino, lile lile lililomuuma kikao kilichopita.

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na nusu mchana. Aliwashukuru waliofika mapema, maneno ambayo yaliwahusu watu wanne tu.

KUMB. NA. 2/5: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mwenyekiti alipendekeza kumbukumbu zichukuliwe kuwa zimesomwa, kwa kuwa kazi ni nyingi. Mpiga Pasi, akiwa ndiyo kwanza anaingia, aliunga mkono kwa haraka ambayo hatujawahi kuiona kwake.

Mshona Mapazia aliomba zisomwe. Alikumbusha kwamba desturi ya Umoja huu ni kusoma kila neno kwa sauti, na kwamba siku ile yeye alitumwa dukani kununua uzi mweusi, wakati stoo ina makasha mawili ya uzi mweusi.

Katibu aliukuta ulimi wake mzito, lakini desturi ni desturi. Alisoma: "Kwa ombi la dada yake, na kwa kuwa mwenzetu ametoka hospitali ya afya ya akili mwezi jana, iliazimiwa Mzee Mkasi amwangalie mchana kama anameza dawa, na aweke alama kila anapomeza. Mhusika asiambiwe, asije akadhani anafuatiliwa."

Mwandiko ni wa Katibu, na hakuna aliyeona kasoro siku ulipoandikwa.

KUMB. NA. 3/5: MAELEZO YA MSHONA MAPAZIA

Mshona Mapazia aliweka mezani vitu viwili: bahasha iliyofungwa, yenye barua ya kuacha kazi, na daftari. Alieleza kwamba hospitalini alikuwa akiamini watu wote wanamtazama. Hisia hiyo imepungua, ila haijaisha. Muuguzi wake wa kliniki alimfundisha kuipima, naye akatengeneza kipimo chake. Kila ukurasa ameupiga mistari ukawa na safu tatu: nilichoona, kinaweza kuwa nini kingine, niliowauliza. Sharti lake ni kuuliza watu watatu. Wote watatu wakisema hakuna kitu, anarudi kwenye cherehani hata kama moyo unakataa.

Alitoa mfano. Mtu wa jengo la mbele alikuwa akisimama dirishani kila asubuhi, simu mkononi, akielekea kwetu. Mshona Mapazia alivuka barabara, akapanda ngazi, akamuuliza. Yule bwana alimjibu kuwa ndani hapati mtandao. Akaandika, akafuta, akashona.

Kisha akafika kwenye chaki. Wiki tatu zilizopita aliona vistari vyeupe kwenye mguu wa meza hii, kimoja kwa kila siku ya kazi. Siku moja alisahau dawa nyumbani, na siku hiyo kistari hakikuwepo. Akauliza watu watatu kama sharti lilivyo. Mwenyekiti alimwambia ni vipimo vya kitambaa. Mpiga Pasi alimwambia haoni chochote. Wa tatu alikuwa Katibu, ambaye alimwambia, "Dada, hapo hakuna kitu, rudi kazini."

Akarudi kazini. Kliniki alipoulizwa hali, alisema ukweli: anaona alama zinazohesabu dawa zake, na watu watatu wamemhakikishia hazipo. Daktari, kwa kusikia hivyo, akaongeza dawa. Tangu hapo mikono inatetemeka, uzi haupiti tundu la sindano, na mapazia sita ameyafumua. Alisema ameleta barua kwa sababu mtu asiyeweza kuyaamini macho yake hawezi kushona mstari ulionyooka, na kwamba juzi aliishika ile dawa akawaza kuitupa yote.

KUMB. NA. 4/5: MJADALA

Mzee Mkasi alieleza kwamba yeye huhesabu kila kitu kwa chaki, mikono ya shati na mabega ya koti, na hakufikiri kwamba chini ya meza kuna atakayeona. Aliongeza kuwa alikuwa akifurahi kila alipoweka alama. Akaomba radhi akiwa amesimama.

Mpiga Pasi alisema yeye alifuata wakubwa. Mwenyekiti alimwambia kwamba kwa kuchelewa huwa hafuati mtu. Mabishano yaliyofuata hayana faida kuandikwa.

Dada mkubwa alikiri kwamba wazo lilikuwa lake. Alisema aliogopa, kwa kuwa mara ya kwanza alichelewa kujua kwamba mdogo wake anaumwa.

Mshona Mapazia alimjibu, "Dada, ungeniuliza mimi. Ningekufungulia kopo la dawa tukazihesabu pamoja." Halafu akatuangalia sote, akasema, "Kumbe futi yangu ya kupimia haikuwa na kosa. Kitambaa ndicho mlichokikata vibaya."

Katibu alitazamia kwamba baada ya hapo angetugeuzia kibao na kusema yote aliyoyashuku ni kweli. Nani angemlaumu? Badala yake alifungua daftari na kusema kwamba kupatia mara moja si kupatia kila mara. Akaomba tumjibu mashaka tisa yaliyobaki, moja moja, bila kumhurumia.

Je, kuna anayefungua mkoba wake? Hapana. Je, tunanong'ona anapopita? Mpiga Pasi alisema ndiyo, ila wananong'ona habari za jino la Mtunza Stoo. Mshona Mapazia alicheka, na huo ulikuwa mcheko wake wa kwanza humu ndani tangu arudi. Alifuta manane. La tisa ni mlio darini, na hakuna aliyejua ni wa nini. Aliandika "haijulikani" akaliacha, akisema moja anaweza kuishi nalo.

Katibu anaomba kuingiza jambo lisilo la ajenda. Amekaa kwenye kamati miaka kumi na moja, na hajawahi kumwona mtu aliyedanganywa na marafiki watatu akirudi kuwauliza wale wale swali jingine. Yeye asingeweza. Anamheshimu sana, na anaona aibu.

KUMB. NA. 5/5: MAAZIMIO

Azimio la kikao kilichopita lilifutwa. Mwenye wasiwasi juu ya mwenzake atamuuliza usoni, na anayeulizwa na Mshona Mapazia atasema kweli hata ikiuma.

Alhamisi, Mwenyekiti na Katibu watakwenda naye kliniki kumweleza daktari kwamba alama zilikuwepo na sisi tulidanganya. Kipimo cha dawa ataamua daktari. Mpaka hapo Mshona Mapazia ataendelea kuinywa kama alivyoandikiwa. Hilo alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa.

Mzee Mkasi aliinama na kitambaa kibichi kufuta vile vistari. Alizuiwa. Mshona Mapazia alivipiga picha kwanza ili daktari avione, kisha akakichukua kitambaa akavifuta kwa mkono wake.

Bahasha aliirudisha mkobani. Mwenyekiti aliuliza kama maana yake anabaki. Alijibu kwamba maana yake Alhamisi ana daktari na Ijumaa ana mapazia ya mteja.

KUFUNGA KIKAO

Kikao kilikuwa kifungwe saa kumi kamili. Mshona Mapazia alimuuliza Katibu, "Muda wote huu unaandika. Unaniandika mimi?"

Katibu alijibu, "Ndiyo, dada. Nakuandika." Akamsomea yote tangu juu, pamoja na pale palipomhusu Katibu mwenyewe. Aliombwa kusahihisha neno moja: palipoandikwa "mgonjwa" paandikwe "Mshona Mapazia". Pamesahihishwa kila palipotokea.

Kikao kilifungwa saa kumi na dakika ishirini na tano.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti

Sahihi: ........................ Katibu

Nimesomewa yote, nami nimeyasoma kwa macho yangu. Ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi: ........................ Mshona Mapazia