Viota vya Nyigu Ukutani mwa Jiko

Jumatatu, 4 Novemba

Nyigu yule karudi. Mara ya kumi na moja tangu nimalize chai. Anachota tope pale bomba linapovuja, anabeba kidonge mdomoni, anaruka moja kwa moja hadi ukuta wa jiko la nje, chini ya bati. Akikipachika analia: ziii, kimya, ziii. Analia anapotandaza tope tu. Akiruka halii hivyo. Miaka thelathini nimefundisha sayansi hapa Tabora na sikulijua hilo. Aibu.

Mwili mweusi, miguu ya njano, kiuno chembamba kama uzi. Sielewi kinabebaje tumbo.

Viota vitano sasa. Nimeviandika namba. Boksi la chaki nililoondoka nalo shuleni nilipostaafu hatimaye limepata kazi.

Jumatano, 6 Novemba

Leo kabeba buibui. Kisha mwingine. Namba 3 imeingizwa buibui saba, ikazibwa. Namba 4 ilikuwa bado wazi, nikachungulia na tochi, nikamgusa mmoja kwa pini. Miguu ikacheza. Hajafa! Kachomwa sindano ya usingizi, kawekwa akiba mpaka mtoto atoke kwenye yai na kumla akiwa mbichi. Nimekaa kwenye kigoda karibu saa nzima nikiwaza hilo. Mimi niliwafundisha watoto kwamba nyigu ni mdudu anayeuma. Basi, nikafuta ubao.

Leokadia alipita na ndoo, akasimama kuangalia. Nilidhani atauliza. Akasema shikamoo mama, ambayo alishanipa asubuhi. Nikaitikia tena.

Huyu ni mkamwana wangu, mke wa Paulo. Paulo yuko Igalula kwenye kazi ya ghala, anarudi Jumamosi akipata nafasi. Kwa hiyo nyumba ni mimi na Leokadia, na tangu mimba yake ilipotoka mwaka jana, nyumba hii ni ya "ndiyo mama" na "hapana mama". Nimechoka nayo.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua juzi. Kumbikumbi wengi, mabawa yamejaa hadi kwenye sukari.

Baada ya misa Mama Zuwena, jirani, alikuja kunirudishia bakuli. Akamwona vunjajungu kwenye pazia, akagoma kuingia. Ukimgusa yule utavunja vyombo, ndivyo tulivyolelewa sote, Waislamu na Wakristo. Nilimshika. Alinigeuzia kichwa akanitazama. Sijapata kumwona mdudu mwingine anayegeuza kichwa namna ile. Nimempeleka kwenye mpera. Mpaka jioni sijavunja hata kijiko.

Alhamisi, 14 Novemba

Namba 2 haipo. Ukutani limebaki doa, na namba yangu pembeni. Chini ya ukuta buibui sita wamelala chali, wazima. Nimekasirika kuliko inavyostahili.

Jumamosi, 16 Novemba

Namba 5 nayo.

Anayefagia jikoni ni Leokadia. Anayejua kwamba nimeviwekea namba ni Leokadia. Nilimwuliza waziwazi.

"Unavibandua viota vyangu?"

"Hapana, mama."

Macho chini. Nimewaona watoto wa shule elfu wakisema hapana kwa macho hayo. Ameona kitu kimoja kinachonifurahisha siku hizi, anakivunja. Ni kisasi.

Nimempigia Paulo simu. Nimemwambia aje Jumamosi ijayo bila kukosa, kuna jambo la kuzungumza. Sikumwambia ni lipi. Nitamwambia mkewe aende kwao Ulyankulu akapumzike kwa muda. Najua maana yake. Mwanamke aliyerudishwa kwao na mkwe, bila mtoto mkononi, harudi kirahisi. Nimeandika hivyo na sijafuta.

Jumanne, 19 Novemba

Nusu ya namba 1 imekwenda. Nimepiga magoti pale kwa miwani ya kusomea. Nimefanya kama nilivyokuwa nawaambia darasa la tano: tazama kwanza, sema baadaye. Ushauri mzuri. Mwenyewe sikuufuata Jumamosi.

Si kuku, kuku hafiki juu kule. Si mjusi. Mjusi angekula buibui akaacha udongo. Hapa buibui wameachwa, udongo umekwenda. Ufagio ungeacha vumbi na vipande chini. Hakuna kipande hata kimoja. Pamekatwa kwa kisu, pembeni pamenyooka.

Nani anataka udongo akaacha kila kitu kingine?

Jumatano, 20 Novemba

Nimeamka nalo kichwani, kabla ya kengele ya kanisani.

Mimi. Mimi nilitaka udongo. Nilipokuwa na Paulo tumboni, kule kijijini, nilimaliza kona nzima ya jiko la mama mkwe wangu. Mvua ikinyesha, ukuta ukinukia, mate yananijaa. Wenzangu walipenda udongo wa kichuguu. Mimi nilipenda wa nyigu, kwa sababu ni laini, hauna mchanga, ameshauchambua yeye. Nilikuwa nikivikwangua vile viota kwa ukucha. Ningewezaje kusahau?

Saa nne Leokadia alikuwa anafua. Akafungua pindo la khanga aliyojifunga, kikadondoka kipande cha udongo, rangi ya kijivu, kina mviringo upande mmoja. Akakifunika kwa mguu. Mimi nilikuwa dirishani. Nikaondoka kabla hajainua kichwa.

Ana mimba. Na amenificha.

Nitaandika na sababu, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Mwaka jana aliniambia mimi kabla ya mtu mwingine, miezi miwili tu, akaniomba tukae nayo kwanza. Alhamisi ileile niliitangaza kwenye jumuiya. Sikuweza kujizuia. Wakaja na vigelegele na kuku. Wiki tatu baadaye wakaja walewale kumpa pole, na wengine wakamwuliza amekula nini, amebeba nini, amemkosea nani. Alikaa kwenye mkeka akawajibu mmoja mmoja. Sikuwahi kumwomba msamaha. Nilijiambia ni furaha ya bibi.

Na juzi nilitaka kumrudisha kwao.

Alhamisi, 21 Novemba

Jumuiya leo ilikuwa kwa mwenyekiti. Wakauliza, mkwe hajambo? Nikasema hajambo. Bado? Nikasema tuanze rozari.

Lilikuwa hapa kooni. Kwenye tendo la tatu nilishika meza. Nimerudi nyumbani na jasho, lakini nimerudi nalo.

Jumamosi, 23 Novemba

Paulo kaja na basi la asubuhi, uso umemkauka. Mkewe alikuwa akitandika kitanda kilichokwisha tandikwa. Wote wawili walijua wameitiwa kesi.

Tulipokwisha kula akaniambia, "Mama, uliniita."

Nikasema bati la jikoni linavuja.

Akanitazama. Akamtazama mkewe. Leokadia alikuwa ameshika sahani mbili, hakuziweka chini. Paulo akachukua ngazi, akapanda, akapiga misumari kwenye bati ambalo halivuji. Nilimsimamia chini nikimwambia asiguse ukuta, hasa namba 3. Alipoteremka akasema hakuona tundu. Nikamwambia ndiyo maana nimeita fundi mwenye macho mazuri.

Alicheka. Sijui kama anajua. Sikuuliza, na hiyo kwangu ni kazi kubwa kuliko kupanda ngazi.

Jumatano, 27 Novemba

Hakuna kilichobanduliwa tangu nimwulize, ila ile nusu. Anajizuia kwa ajili yangu. Nafahamu hamu ile ilivyo. Najisikia vibaya.

Udongo ule una mayai ya minyoo, mwalimu wa sayansi hawezi kujifanya hajui. Nikimkataza, nimesema najua. Nikinyamaza, anakula mbichi. Nimezunguka na hilo siku nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumapili, 1 Desemba

Namba 3!

Baada ya misa nilikuta doa jeusi kwenye udongo. Nikavuta kigoda. Doa likawa tundu, kutoka ndani, anatafuna na kusukuma, vumbi linadondoka. Kichwa. Pumziko refu. Mguu wa njano. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono. Akatoka mzima, mabawa yamejikunja, akatembea hatua tatu akaanza kujifuta macho kwa miguu ya mbele.

Nikasikia mtu anapumua karibu yangu. Leokadia, na mwiko mkononi. Tulisimama mpaka nyigu akaruka, juu ya mpera, juu ya ukuta wa Mama Zuwena.

"Hakuna aliyemwonyesha njia," Leokadia akasema.

Nikamwambia hapana, mama yake alishaondoka zamani. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyofanya tangu mwaka jana. Ugali ukaungua. Tukaula hivyohivyo.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimeibandua namba 3 kwa kisu. Tupu, haina mtu tena. Nikatoa maganda ya buibui, nikauweka udongo juu ya bati kwenye jiko la mkaa mpaka ukaiva na kunukia mvua. Nikauvunja vipande vidogo. Nikauweka kwenye kisosi, nikafunika kwa kingine, nikaacha dirishani mwa jiko. Kisha nikaenda bustanini kutazama bamia, ambazo sikuwa na haja ya kuzitazama.

Niliporudi visosi vilikuwa vimeoshwa, vimeinamishwa kwenye kichanja.

Jioni, wakati wa kuchambua mchicha, Leokadia akasema keshokutwa anakwenda Kitete, hospitali, kama nina nafasi nimsindikize. Nikasema ninayo. Sikumwuliza anakwenda kufanya nini. Tukaendelea na mchicha.

Namba 4 bado haijatoboka.