Ijumaa ya Pegi

Mama Awino,

Pegi zako zimetuletea vita kazini, na nimeona afadhali uzisikie hizi habari kutoka kwangu kabla mtu hajakuletea huko zikiwa zimetiwa chumvi. Nimekaa kitandani hapa kwangu Gatwekera, Kibera, chai imepoa, mikono bado inanuka dawa ya madoa. Nina hasira. Hata na wewe nina hasira, kwa sababu ulienda bila kuaga, na mtu mwenye mdomo kama wangu si wa kuachwa peke yake hivi hivi.

Unakumbuka vile ulianza ule mchezo? Ni ile wiki hoteli zote zilileta shuka kwa pamoja, mashine kubwa ikakwama, tukafua kwa mikono mpaka vidole vikakunjamana. Ijumaa jioni, watu wamechoka hata hawaongei, ukachomoa pegi kwa kamba ya kuanikia, ukambana nayo Mama Taulo kwenye aproni, ukapaza sauti kushinda mashine: "Huyu amenibebea beseni mgongo ukinikata!" Tulicheka sana. Ijumaa iliyofuata kila mtu alikuwa na pegi ya kumpa mwenzake. Na sheria yako ilikuwa moja tu, kwamba hakuna kumbana mtu bila kusema sababu, na sababu isemwe wote wasikie. Mtu akijaribu kuweka kimyakimya ulikuwa unamfokea, "Sema sababu, yawa! Kwani umekatwa ulimi?"

Ofisini hawakuwa na habari. Shukrani yao ilikuwa soda ya Krismasi, na hiyo soda ilikuwa ya moto.

Mimi nilikuwa napata pegi moja kila Ijumaa, na ilikuwa yako. Wengine walikuwa wananiogopa, si nasema ukweli? Ulikuwa unatafuta sababu mpaka unaipata. "Nekesa leo hajatukana mtu tangu asubuhi!" Watu wanavunjika mbavu, mimi nanuna, lakini hiyo pegi nilikuwa nasahau kuitoa makusudi, natembea nayo kutoka Kawangware mpaka Kibera ikining'inia kiunoni.

Sasa sikia. Baada ya presha kukuchukua, asubuhi unajitayarisha kuja kazi, meneja mpya alikuja kwa maombi yako hapo Soweto West. Yule kijana ulimwacha akiwa bado mgeni, mwenye viatu vya kuchongoka. Kila aliyesimama kukusifu alizungumza juu ya pegi. Kijana akasikiza, akatikisa kichwa pole pole, nami nikajiambia, huyu ameguswa. Kumbe alikuwa ameona dawa ya shida yake.

Tuliporudi kazini tukakuta picha yako ukutani. Ni ile ya kitambulisho cha kazi, unatazama kama mtu ameshikwa na askari. Chini wameandika kwamba wewe ndiwe mwanzilishi wa Pegi ya Shukrani. Miaka yote uliyowafulia hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kukuambia asante, hata walikuwa wanakuita "wewe wa mashine," leo umekuwa mwanzilishi! Nilikuangalia hapo juu nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakakataa kukoma.

Kisha akatuita, akatangaza. Pegi sasa ni za kampuni. Kila Ijumaa kila mtu atapewa moja ya bluu, amwekee anayemwona anafaa, na mwisho wa mwezi zitahesabiwa. Mwenye nyingi atapigwa picha na kubeba mfuko wa unga. Mwenye chache kabisa atakwenda nyumbani, kwa sababu kazi imepungua na ni lazima mmoja apunguzwe. Alisema hayo akitabasamu, Mama Awino. Ati si yeye anayeamua, ni sisi wenyewe. Na mambo ya sababu tuyaache, yanapoteza wakati.

Ungeona vile tuligeuka. Watu ambao hawakuwahi kupeana hata chumvi wakaanza kununuliana mandazi na kuitana dadangu. Wengine wakaungana wawili wawili, nipe nikupe, kila Ijumaa. Mtu akishika beseni lako upande wa pili unajiuliza, huyu anataka nini. Siku moja wawili walishikana nguo huko nyuma kwa kamba, kila mmoja anasema mwenzake amemwibia pegi. Pegi! Kitu cha kuanikia chupi! Nilisimama kati yao nikawatukana wote wawili, na kwa hivyo nikapoteza pegi mbili ambazo pengine ningepata.

Kwa maana mimi sikuwa na hata moja. Ijumaa ya kwanza nilifikiri ni bahati mbaya. Ya pili nikaelewa. Wewe ndiwe ulikuwa unaziba hilo shimo, na mimi nilikuwa sijui kama kuna shimo.

Mwingine ambaye hakuwa nayo ni Rispa wa pasi. Yule yule, ambaye mimi na yeye hatukuwa tunasalimiana tangu aniite polisi mbele ya dereva wa hoteli. Kifundo chake cha mkono kimevimba siku hizi, shuka moja anaipiga pasi kama anaibembeleza ilale, na watu wamechoka kumngoja. Basi kila mtu alijua ni mmoja wetu ataenda. Walianza kutuangalia kama mbuzi wawili wiki ya Krismasi.

Niliogopa. Nakuambia wewe kwa sababu hawa wengine wanadhani siogopi kitu. Naliaka wangu ndio anaingia sekondari, mama yangu huko nyumbani anangoja dawa kutoka kwangu, na nikifutwa najua ninakoenda. Ni pale kando ya barabara Kawangware, na wale wanawake wanaokaa asubuhi wakingoja kuitwa kufua manyumbani kwa watu. Siku nyingine unaitwa, siku nyingine unarudi na njaa yako.

Jana Mama Taulo akanivuta nyuma ya mashine. Akaninong'oneza, "Nipe yako kesho, nami nikupe yangu, hayo mambo yaishe." Hiyo moja ingeniokoa. Rispa angebaki mtupu. Nilimwambia sawa. Ee, nilimwambia sawa, na nikalala usingizi mzuri, usinitolee macho huko uliko.

Leo, Ijumaa ya mwisho ya mwezi, walizima mashine zote ili video ya meneja itoke vizuri. Hujawahi kusikia mahali petu pakiwa kimya namna ile. Tumepangwa mstari, kijana yuko mbele na simu yake, kila mtu anatoka, anabana, anarudi. Hakuna anayesema kitu. Hakuna anayecheka. Rispa aliitwa kati ya wa kwanza, akampa yake yule anayetushikia funguo, nafikiri kwa woga tu, kisha akarudi kwa mstari akaficha ule mkono chini ya aproni. Alikuwa akiangalia sakafu.

Nikaitwa. Mama Taulo alikuwa amekwisha kuvuta aproni yake mbele kunirahisishia. Sijui nikuelezeje, Mama Awino. Nilikuwa naenda kwake, naapa nilikuwa naenda. Lakini kile kimya kilinikasirisha. Kilinikasirisha mpaka nikaona giza, nikampita, nikaenda kusimama mbele ya Rispa, nikambana, na sauti ikanitoka yenyewe:

"Huyu hukunja upya shuka zangu nilizozikunja vibaya, kila siku, na hajawahi kunisemea kwa mtu!"

Ni kweli. Nimemwona akifanya hivyo tangu nianze kazi pale, na nilikuwa nafikiri ananidharau.

Meneja akasema, tafadhali, bila sababu, twende haraka. Mama Taulo akaniangalia kama nimemmwagia maji, zamu yake ikafika, akampa mtu mwingine. Wakamaliza. Nikabaki nimesimama na aproni yangu tupu, kila mtu anaiona, na ile simu imenielekea.

Ndipo Rispa akatoka kwenye mstari bila kuitwa. Yeye ambaye hata kanisani hajibu amina kwa sauti! Akasema, "Mimi pegi nimeshatoa. Lakini sababu ninayo."

Akawaambia. Ile siku tuliyokwenda kukutoa mochari, wakati kila mtu analia na hakuna anayejua tutakuimbia tukiwa tumevaa nini, kuna mtu alikusanya aproni zetu zote akazifua na kuzipiga pasi. Yake yeye ilikuwa imekatika kamba. Alipoletewa ilikuwa imeshonwa. "Hatukuwa tunasalimiana," akasema. "Na alinishonea kamba."

Mimi nilikuwa nafikiri hakuna aliyeona. Wewe mwenyewe unajua kwa nini nilifua siku hiyo, mikono yangu ilikuwa haina mahali pa kukaa.

Halafu mwingine akasema lake, kutoka huko nyuma ya mstari. Nilimtetea kwa dereva aliyemshika makalio. Mwingine akasema ile siku ya mtoto wake na pumu, vile nilimbeba mgongoni mpaka barabarani nikimtukana kila mwenye bodaboda anayekataa kusimama. Hata Mama Taulo, mdomo ameuvuta kwa hasira, akasema, "Huyo hawezi kukuongopea, hata ukitaka." Hakuna aliyekuwa na pegi iliyobaki. Walikuwa wanasema tu, wakiingiliana, na sauti zikapanda mpaka ukadhani mashine zimewashwa. Kijana akateremsha simu.

Alingoja wanyamaze. Kisha akasoma jina langu.

Nilidhani atabadilisha, Mama Awino, sikufichi. Kwa dakika moja hivi nilidhani. Lakini pegi ni pegi, alisema, na tulikubaliana wote. Nikavua aproni nikamkabidhi. Rispa alinisindikiza mpaka getini akilia kwa sauti, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze, ujue dunia imegeuka. Aliniambia nisiende kukaa barabarani kabla hajaongea na mama mmoja wa kanisani kwao anayetafuta mtu wa kufua. Nikamwambia asinipangie maisha. Akacheka na makamasi.

Nimefutwa kazi na nimeshukuriwa, vyote saa moja. Sijui nilie kipi. Kodi ya nyumba haijui kwamba nimeshukuriwa, wala sekondari ya Naliaka. Nimeogopa leo kuliko jana. Lakini sijuti, na hiyo ndiyo inanishangaza.

Sasa kuna jambo sikukuambia ukiwa hai. Kila Ijumaa pegi yangu nilikupa wewe, na kila Ijumaa nilikutolea sababu ya mzaha, ati kwa sababu unakoroma vizuri wakati wa chai, ati kwa sababu wewe ni mzee na wazee hupewa. Ya kweli sikuisema. Niliona aibu mbele ya watu. Ya kweli ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kupaza sauti kwa ajili yangu kabla yako, si baba, si mume, si yeyote, na nilikuwa nakuja kazi Ijumaa hata nikiwa na homa ili nikusikie.

Nakuahidi Jumatatu nitaamka nioge, nitafute kazi, na popote nitakapoipata sitanyamaza mtu akinitendea vizuri. Mdomo nitaupunguza kidogo, usitarajie sana. Lala salama, mama. Asante. Nimesema kwa sauti, jirani amegonga ukuta.

Nekesa wako