Dadu Ambayo Sikuitupa

Jumamosi, 4 Juni 1977

Leo nilikuwa mwenye meza. Mara ya kwanza! Bwana Keane, mwalimu wetu wa hesabu, alisema katika Form Two hakuna anayesoma kanuni kwa makini kama mimi. Akanikabidhi dadu zote, na ile atlasi kubwa ya kusimamisha mbele yangu ili wenzangu wasione nilichopanga.

Mchezo huu alitumiwa na ndugu yake kutoka ng'ambo. Hauna ubao. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni. Mwenye meza anasimulia nchi, mvua na maadui, na wachezaji wanasema watu wao wanafanya nini. Kwenye mapigano ndiko kuna kanuni nyingi: unatupa dadu ya pande ishirini, namba kubwa umepiga, ndogo umekosa. Ukipigwa, nguvu zinapungua. Zikiisha, mtu wako amekufa. Na kanuni moja Bwana Keane ameipigia mstari mara mbili: mwenye meza anasemea kila kitu duniani, isipokuwa watu wa wenzake.

Mtu wa rafiki yangu Matildah anaitwa Mpundu, mwanamke mvuvi mwenye mkuki. Leo askari walimzuia katikati ya ziwa. Alipigana vizuri mwanzoni, halafu dadu zikamgeuka. Akabaki na nguvu mbili. Ilikuwa zamu yangu kutupa kwa niaba ya askari.

Sikutupa. Nilikuwa nimempangia Mpundu safari nzuri mno — wiki nzima nimepanga! Kisiwa, malkia, kila kitu. Afe hapo? Nikaifumba dadu mkononi, nikasema: Mpundu anatupa mkuki. Analala chali ndani ya mtumbwi, anapiga makofi, anaomba rehema. Askari wanamwachilia.

Mukuka, mwenzetu wa darasa, akacheka mpaka akaanguka kwenye benchi. Matildah akasema polepole, "Mimi sikusema hivyo." Nikamwambia ndivyo hadithi ilivyo.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nimemwokoa.

Jumapili, 5 Juni

Matildah hakunisubiri nje ya kanisa. Siku zote ananisubiri.

Tangu asubuhi nakumbuka jambo moja. Mwezi wa nne baba yake, Ba Nkonde, alikamatwa ziwani na askari wa upande wetu, wa Congo. Walichukua nyavu. Wakamwamuru apige magoti. Akakataa. Wakampasua mdomo, na akarudi hapa Nchelenge amesimama ndani ya mtumbwi, damu mpaka kifuani. Watu wote bandarini walimwona. Mimi pia.

Sikufikiria habari hiyo jana. Kweli sikufikiria.

Hapana. Nilifikiria kidogo. Wale askari wa hadithi yangu, najua nimewatoa wapi.

Jumatatu, 6 Juni

Mukuka amelala chali kwenye korido Matildah alipokuwa anapita. Amelala kabisa, na shati jeupe! Akapiga makofi. "Rehema, ba soja, rehema!" Darasa zima likacheka. Matildah akamruka kama anavyoruka dimbwi, akaenda kukaa.

Mchana nikamwuliza Mukuka kwa nini inachekesha hivyo. Akanitazama kana kwamba nimeuliza maji ni nini. Akasema wewe Emilienne, hujui? Kulala chali na kupiga makofi ni kwa Mwata peke yake, mfalme mwenyewe. Hata kwa chifu mdogo hawafanyi. Na wewe umemlaza binti ya Nkonde mbele ya askari wa kigeni!

Niliona mara moja tu, kwenye sherehe kule Mwansabombwe, kwa Mwata. Wazee wanalala chini, wanapiga makofi, vumbi tupu mgongoni. Nilidhani ni adabu kubwa ya huku, basi. Nilitaka kutia kitu cha kwao ili waone kwamba mimi, mtoto wa Pweto ng'ambo ya ziwa, najua.

Nilitaka kuwapendeza! Uso unaniwaka hata sasa, na niko peke yangu.

Jumatano, 8 Juni

Habari imefika bandarini.

Nilikuwa na Mama kununua samaki. Ba Nkonde alikuwa anashusha vikapu. Wanaume watatu waliokaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa wakaanza kupiga makofi, taratibu, bila kumtazama. Mmoja akasema kwa Kibemba — nilielewa, afadhali nisingeelewa — kwamba mtoto wake habuni kitu kama hicho, ameambiwa nyumbani. Kwamba labda mdomo ulipasuka baada ya kulala chini, siyo kabla.

Ba Nkonde akaendelea kushusha vikapu. Mama alipomfikia, akasema samaki wote tayari wana mwenyewe.

"Wote?" Mama akasema. "Bon! Na mimi ni nani, miaka yote hii?"

"Wote, Mama Clotilde."

Njiani nikamwambia Mama kila kitu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisimama na karai tupu kichwani. "Sasa ubaya iko wapi? Ku Pweto basoda bakikusimamisha, unapiga magoti. Baba yako alipiga, mimi nilipiga. Njo maana tuko bazima, mutoto wangu."

Ni kweli. Ndivyo nilivyofundishwa, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Lakini Ba Nkonde hakupiga magoti, na kitu alichorudi nacho siku ile ni heshima hiyo tu. Nyavu walichukua wao. Hicho kilichobaki nimekichukua mimi.

Alhamisi, 9 Juni

Matildah amehamia dawati la mbele. Sikula.

Ijumaa, 10 Juni

Nimemwambia Bwana Keane. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. Alisema jambo lililosemwa mezani kwa kuvunja kanuni linaweza kurudiwa, kama mwenye mtu huyo atakubali. Nikamwuliza, na la bandarini linarudiwaje? Akasema hilo hajui. Naona kweli hajui.

Baada ya masomo nikaenda kwa kina Matildah. Matildah alikuwa anatwanga muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Omba."

Nikaomba. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, mazuri, na yote yakatoka kama ninasoma. Nilipofika kwenye "nilitaka kukuokoa" akasimamisha mchi.

"Hukutupa hata dadu."

"Ulikuwa na nguvu mbili, Matildah. Ungekufa."

"Labda ungekosa. Labda ningepata ishirini baadaye. Hukutupa hata dadu! Ulinitazama, ukaona huyu atashindwa, ukanilaza chini."

"Nilikuhurumia."

"Iwe, wewe, nani alikuomba huruma?" Akatwanga mara mbili kwa nguvu. "Kama ni kufa, ningekufa mimi. Mpundu wangu. Ningesema mwenyewe alivyokufa."

Hapo baba yake akaingia uani na nyavu za kuazima begani. Nikapiga magoti kumsalimia, kama wasichana wote wa huku, na magoti yalipogusa chini nikatamani ardhi inimeze. Aliitikia vizuri. Akauliza kama Mama hajambo. Kovu la mdomo linaonekana akiongea. Akaingia ndani.

Nikamwuliza Matildah kama kesho atakuja. Akasema, "Nikae mimi nyuma ya atlasi. La sivyo siji."

Jumamosi, 11 Juni

Asubuhi nilienda bandarini peke yangu. Wale wanaume walikuwa pale pale. Nilisimama mbele yao nikasema kwa Kibemba kwamba lile jambo nililitunga mimi, Matildah hakusema neno, na Ba Nkonde hakulala mbele ya mtu. Wakacheka — sijui hadithi au Kibemba changu. Mmoja akaniuliza kama mtoto wa Congo sasa ndiye shahidi wa Nkonde. Mwingine hakucheka. Akamwambia mwenzake anyamaze, na akageuza uso. Basi, ndiyo hivyo tu. Sijui kama nimepunguza au nimeongeza.

Sasa niko darasani. Naandika hapa hapa mezani, wenzangu wananitazama. Hakuna anayesoma Kiswahili. Matildah anajua kile cha kununulia samaki, cha kuongea tu.

Alikuja. Alipoketi akasema, bila kuniangalia, "Nimesikia ulienda kuongea. Kibemba chako kibaya sana." Nikasema najua. Ndiyo maneno yetu yote.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuilaza atlasi chini. Akasema leo dadu zinatupwa wazi. Akasema tunarudi ziwani, pale pale, Mpundu na nguvu zake mbili, ila leo askari anayepigana naye ana mwenyewe. Akanisukumia karatasi ya askari. "Huyu ni wako."

Akatupa kwa Mpundu. Kumi na saba! Nikatupa mimi. Nne. Akatupa tena, nami nikatupa, na kila dadu yangu ilikuwa ndogo na kila yake kubwa, hata Bwana Keane akaja kusimama nyuma yetu. Askari wangu alianza na nguvu nane. Amebaki na mbili. Mpundu hajaguswa.

Mukuka akaanza kusugua viganja vyake, tayari kwa makofi. Na mimi nikafungua mdomo. Nilitaka kusema analala chali. Nilidhani ndiyo malipo, na wote watacheka, na yatakwisha.

Matildah aliniona. "Usifanye hivyo kwa ajili yangu," akasema. "Sikukuomba." Halafu, kama mwenye meza anavyopaswa kuuliza: "Askari wako ana nguvu mbili. Anafanya nini?"

"Sema wewe," nikamwambia. "Chochote. Nitakubali."

"Mimi sitakusemea."

Nikaomba niandike kidogo kwanza. Mukuka amesema hakuna kanuni ya kuandika katikati ya vita. Matildah akasema, mwache aandike. Amekunja mikono, anangoja. Haonyeshi hasira. Haonyeshi kitu.

Nikikimbia, ni mwoga. Nikipigana, nampiga tena. Nikilala, namwigizia. Na huyu askari simjui hata kidogo! Wiki nzima nimesema "askari, askari" kama nataja mawe. Kule kwetu Pweto kila askari ana mama anayemwita ale.

Nimemwuliza Matildah kama ninaruhusiwa kumpa jina kabla ya kujibu.

Amesema, "Ni mtu wako."

Nafikiria jina. Mukuka ameanza kuhesabu kwa sauti, mlinzi wa shule anapiga mlango kwa funguo, anataka kufunga, na Matildah ameinua mkono kuwanyamazisha wote wawili —