Mkeka Walioinua Bila Mimi

Safotu, Savai'i
14 Agosti 1996

Mpendwa kaka Fereti,

Talofa. Natumaini u mzima, na wifi Lusia na watoto pia, na kwamba baridi ya Auckland haijakurudishia kile kifua chako. Sisi huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo mzima kabisa; anagombana na kuku tangu asubuhi.

Mabati uliyotuma yamefika na paa la jiko halivuji tena. Ahsante.

Salamu zimetosha. Nina jambo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Unajua mwanangu Pelenato alivyokufa. Semisi, mdogo wake wifi, alimgonga kwa pikapu kando ya barabara, akiendesha amelewa. Siku ya mazishi, kulipopambazuka, watu wao walikuja kuomba msamaha kama desturi yetu. Walikaa kwenye nyasi mbele ya nyumba, vichwa chini, wamejifunika mkeka mwororo wa ukoo wao, Semisi katikati.

Hilo sikulipinga. Nilitaka tu wakae, jua liwachome kidogo. Nilikuwa ndani namvalisha mwanangu shati la kanisani. Nilishaamua kwamba nikimaliza nitatoka mwenyewe, Semisi anitazame usoni na kunitajia jina la mtoto wangu, kisha niuinue mkeka kwa mkono wangu, niwe nimemsamehe. Ningeuinua, kaka.

Vifungo sijamaliza, nikamsikia mzee Lafi, msemaji wetu, akipaza sauti: "Inukeni, ndugu zetu! Mkuu wa ukoo kapiga simu kutoka Auckland. Kawasamehe." Nilipofika mlangoni mkeka umeshakunjwa, watu wanakumbatiana.

"Mzee Lafi, maiti wangu hata shati hajamaliza kuvaa, ninyi mmeshamalizana?"

"Fuatino mwanangu, usituaibishe mbele ya wageni. Aliyesema ni kaka yako. Kagombane naye."

Shangazi Sieni akadakia, "We naye! Hata Mungu husamehe."

"Mungu huombwa mwenyewe, Shangazi. Haombewi kwa simu."

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya neno letu tatala. Akasema ndilo hilo hilo la kufungua mlango, la kumfungua nguruwe kamba, la kumtoa mtu jela, na la kumwachilia aliyekukosea. Waumini wakanigeukia wote, kana kwamba mahubiri yalipikwa kwa ajili yangu. Nilikaa nikiwaza: nguruwe hufunguliwa na aliyeishika kamba. Hii kamba niliishika mimi, niliyembeba mwanangu tumboni. Wewe uliifungulia wapi?

Tena wewe ni kaka. Kwetu kaka hagusi jambo la dada yake bila kumuuliza. Dada ni agano la nyumba. Siku Baba alipokupa cheo aliuchukua mkono wako akauweka juu ya wangu, watu wote wakiona. Ungeniuliza tu. Hata ungenilazimisha kwa maneno matamu, ningekuwa nimeulizwa. Lakini wifi alilia, nawe ukachagua amani ya kitanda chako. Umenisaliti, Fereti. Nalisema wazi usije ukasema hukulisikia.

Na hukumsaidia hata Semisi. Jana alileta kuni akazitua uani, akaondoka mbio kabla sijatoka. Wanaume wanamwambia yameisha, naye hawezi kupita mbele ya nyumba hii akiwa amenyoosha shingo. Anajua aliyekuwa na haki ya kumwachilia bado hajamwachilia. Huyo nitamwita wiki hii, tuongee wawili. Yake nitayamaliza.

Yako bado. Lafi anasema unakuja Krismasi na tukuchinjie nguruwe. Usilete mabati, wala vitambaa. Leta mkeka, uje alfajiri, ukae kwenye nyasi pale pale walipokaa wao. Asiwepo wa kukusemea. Nitaosha vyombo, nitamnywesha Mama dawa, nitafagia. Siahidi nitatoka saa ngapi.

Wasalimie Ana na Tomasi, waambie bibi yao anawauliza. Msalimie na wifi. Simlaumu, alimlilia mdogo wake, ni haki yake. Mungu akulinde. Mama naye anakubariki, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amelala kwa dawa, na hajaambiwa ni nani aliyepiga simu ile.

Dada yako, akupendaye bado, na ndiyo maana inauma,
Fuatino