Wimbo Ndani ya Treni ya Bluu

Alhamisi, usiku

Koo limenikauka, na sijuti hata kidogo.

Hii treni mpya ya bluu ni nzuri, milango inajifunga yenyewe, iko baridi kama friji. Lakini imepoa, haina uhai. Ile ya zamani ya njano ilikuwa mbovu, upepo unakupiga mlango wazi, ila behewa letu lilikuwa kanisa. Tuliimba tukipiga ukuta kwa viganja mpaka kituo cha Jacobs, kwenye viwanda. Kwenye bluu kila mtu na simu yake. Inanikera!

Leo asubuhi nikaanza wimbo wa kanisa mwenyewe. Kwa Kiswahili.

Furaha, ninayeshona naye kiwandani na anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, akanifinya. "Yaya, nyamaza! Watajua sisi ni wageni."

Naogopa pia, sikatai; hapa wageni hupigwa. Humo ndani huwa nanong'ona tu. Mama akipiga kutoka Bukavu, namnong'oneza neno moja, nakata. Lakini ubeti ulishatoka.

Vichwa vikainuka kwenye simu. Nikasema basi, nimejimaliza.

Halafu bibi mmoja wa Kizulu, gogo kama wanavyosema hapa, mwenye kofia ya kanisa, akaitikia kwa lugha yake. Maneno mengine, wimbo uleule. Mtu akapiga ukuta. Plastiki hailii vizuri kama bati la njano, eish, lakini behewa zima liliitikia! Furaha naye, tena kwa sauti kunishinda.

Jioni, treni ikiwa imejaa, mama akapiga. Nikapokea, nikaongea kwa sauti yangu yote.

"Mwanangu," akasema, "mbona leo nakusikia vizuri hivi?"